Takometa Kubwa Kwenye Magari ya Misuli ya Zamani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Chungulia ndani ya Chevelle au Road Runner ya miaka ya 1960 kwenye maonyesho ya magari ya zamani kule Marekani. Mara nyingi kinachokupokea si redio wala viti. Ni geji moja kubwa kama kisosi, imesimama juu ya nguzo ya usukani, imebanwa kwa klipu ileile inayobana paipu ya rejeta. Haifanani na kitu kingine chochote mle ndani. Dashibodi ilichorwa na watu waliosomea urembo. Geji hii ilifungwa na mtu mwenye bisibisi, Jumamosi mchana, mlangoni kwake. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa zaidi kuihusu, hasa na watu waliozoea Toyota yenye RPM yake palepale dashibodini na ambao hawajaiangalia mara mbili tangu wanunue gari.

Takometa inapima nini?

Injini inazunguka mara ngapi kwa dakika, basi. Ndiyo ile mafundi wanayoiita geji ya RPM. Spidomita inakuambia gari linakwenda kasi gani. Takometa inakuambia injini inahenya kiasi gani kulifikisha huko. Kilomita 60 kwa saa unaweza kwenda kwa gia ya kwanza injini ikilia, au kwa gia ya nne ikisinzia, na spidomita itasoma namba ileile.

Na gari la misuli ni lipi?

Ni gari la Kimarekani la ukubwa wa kati, kwa kawaida la milango miwili, lililopachikwa injini ya V8 (silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V) iliyotengenezewa gari kubwa zaidi, likauzwa kwa bei ambayo kijana mwenye kazi aliweza kuimudu. Wengi huanzia hesabu kwenye Pontiac GTO ya 1964, ambayo ilikuwa Tempest LeMans iliyoongezewa vikorombwezo: injini ya inchi za ujazo 389, karibu lita 6.4, na kwa aliyelipia kabureta tatu, nguvu za farasi 348. Mustang na Camaro zina jina lao la ukoo, lakini mtaani zinawekwa kapu moja, na mimi nitaziacha humohumo.

Kwani kiwanda hakikuweka takometa?

Kiliweka, kwa aliyelipia, na mara nyingi mahali pabaya.

Kumbuka magari haya yaliuzwa kwa urahisi wa bei. Plymouth Road Runner ya 1968 ilianzia dola 2,896, na ili kufika hapo kila kisichosukuma gari mbele kilipunguzwa. Dashibodi ya kawaida ya enzi ile ilikuwa na spidomita ndefu iliyolala, geji ya mafuta, na vitaa vyekundu vya oili na joto. Wamarekani wenyewe waliviita taa za wajinga, kwa sababu kinapowaka mara nyingi hasara imeshaingia. Yaani mtu ananunua zaidi ya farasi 300, halafu kitu pekee kinachomwonyesha hali ya injini ni balbu.

Aliyelipia takometa ya kiwandani naye alipata mambo ya ajabu. Kwenye GTO ya 1964 iliwekwa kwenye tundu la mwisho upande wa kulia wa dashibodi, wakati dereva wa Marekani anakaa kushoto. Mustang za kwanza ziliuzwa na kifurushi cha Rally-Pac: saa ya kawaida upande mmoja wa nguzo ya usukani, takometa upande wa pili, vyote viwili vidogo, na usukani ukivipita mbele. Chrysler wao waliamua kubana matumizi ya nafasi: kwenye Dodge Charger ya 1968 hadi 1970, takometa na saa ya kawaida vilikaa kwenye uso mmoja, mishale ya saa katikati na mizunguko ya injini pembeni. Waliiita Tic-Toc-Tach. Jina tamu, lakini jaribu kuisoma ukiwa umekanyaga mafuta mpaka chini.

Pontiac walijirekebisha mwaka 1967 kwa wazo la kishujaa: waliitoa takometa nje kabisa, wakaipachika juu ya boneti, mbele ya macho ya dereva. Buick nao waliifuata njia hiyo kwenye GSX ya 1970. Inasomeka vizuri sana, sikatai. Ila inanyeshewa, inaingia ukungu kwenye kioo, na kila ukifunga boneti kwa nguvu unaipiga dharuba. Kati ya magari ya Kimarekani ya wakati ule, Corvette ndiyo iliyofanya sawa: takometa kubwa kando ya spidomita, ikiendeshwa kwa kebo inayotoka kwenye distribyuta (kifaa kinachogawia plagi umeme wa cheche), hadi 1974.

Waliobaki walikwenda dukani.

Kwa nini iwe kubwa hivyo?

Hapa ndipo penye kiini. Ukubwa ni kwa ajili ya jicho; injini haijali.

Mbio za robo maili, magari mawili bega kwa bega kwenye njia iliyonyooka, ni mita 402, na gari zuri la misuli la enzi ile lilizimaliza kwa sekunde 13 au 14 hivi. Ndani ya sekunde hizo dereva wa gia za mkono anaachia klachi, anazuia matairi yasisage bure, anashika usukani gari likiyumba, na anabadili gia mara tatu. Akifika mwisho yuko karibu kilomita 160 kwa saa, yaani mita 44 kila sekunde. Akitoa macho barabarani kwa nusu sekunde, amesafiri mita 22 akiwa kipofu, na kwenye njia ya pembeni yuko mtu mwingine mwenye haraka kama yake.

Sasa pima. Chukua geji ndogo ya inchi 2⅝ ambayo mshale wake unapiga robo ya duara kutoka 0 hadi 8,000. Kati ya 5,000 na 6,000, ncha ya mshale inasogea kama nusu sentimita. Chukua geji ya inchi 5 ambayo mshale wake unazunguka robo tatu ya duara hadi 10,000: umbali uleule wa mizunguko 1,000 unakuwa zaidi ya sentimita mbili na nusu. Kwenye ile ya kwanza unasoma. Kwenye ya pili unaona tu, bila hata kuelekeza jicho, kama unavyoona mtu anayepita pembeni yako.

Na mahali ilipokaa ni nusu ya kazi. Juu ya nguzo ya usukani au juu ya dashibodi, geji inakuwa karibu na mstari wa macho. Jicho halishuki mpaka magotini.

Mbona nyingine zimefungwa upande, namba zimelala?

Makusudi. Dereva wa mbio hasomi namba, anasoma pembe ya mshale. Kwa hiyo anaizungusha geji nzima ndani ya kishikio chake mpaka ile namba anayobadilia gia isimame wima juu kabisa. Mshale ukisimama kama mlingoti, piga gia. Kwetu Waswahili imekaa vizuri zaidi: kama unabadilia 6,000, basi 6 imesimama saa sita.

Si unaweza kusikiliza injini tu?

Barabarani, ndiyo. Ukilizoea gari lako unajua linapoomba gia. Lakini kwenye mbio umevaa helmeti, eksozi imefunguliwa, na V8 ya jirani inanguruma mita chache kutoka sikio lako. Wapo waliobadili gia kwa kufuata mlio wa gari la mwenzao.

Kingine ni matairi. Tairi za enzi ile zilikuwa nyembamba kwa injini zile, na gia ya kwanza matairi yakiteleza, RPM inapaa kabla sikio halijaafikiana na ubongo. Takometa inakuonyesha pia kitu ambacho sikio hukichelewesha: klachi inayoteleza. RPM inapanda, gari haliongezi mwendo, na mshale unakuambia ufungue pochi.

Injini ikizidi mstari mwekundu inakuwaje?

Mstari mwekundu ni ile alama kwenye takometa ya RPM ambayo injini haitakiwi kuivuka. Gari la leo lina kompyuta inayokata mafuta au moto kabla hujafanya uharibifu. V8 ya kabureta ya 1968 haina mlinzi. Itakwenda kadiri utakavyoikanyaga, mpaka kitu kikatae.

Cha kwanza kukataa huwa ni springi za valvu. Zinashindwa kuifunga valvu kwa wakati, valvu inaelea, nguvu inakatika, na ukiwa na bahati mbaya valvu inakutana na pistoni. Cha pili ni konrodi, mkono unaounganisha pistoni na krankishafti, na boliti zake. Nguvu inayovuta konrodi pistoni inapogeuka juu haiongezeki sawia na mizunguko, inaongezeka kwa kipeo cha pili: kutoka 6,000 kwenda 7,000 mizunguko imeongezeka kwa asilimia 17 hivi, lakini mvuto kwenye konrodi umeongezeka kwa asilimia 36. Konrodi ikikatika, inatoka nje kupitia ubavu wa bloku. Ukiliona tundu lile mara moja hulisahau.

Balaa kubwa zaidi ni kukosa gia. Unatoka ya tatu kwenda ya nne, mguu bado uko kwenye mafuta, gia haijaingia. Injini haina mzigo wowote. Inaruka kupita mstari mwekundu kwa kufumba na kufumbua. Ndiyo maana baadhi ya takometa za mbio zilikuwa na mshale wa pili unaobaki pale pa juu kabisa ulipofika, na za baadaye zina kumbukumbu ya kielektroniki. Dereva anarudi anasema gari limekufa lenyewe. Mwenye gari anaangalia mshale wa pili.

Mbona kila injini ina mstari wake?

Jambo moja kubwa ni urefu wa safari ya pistoni. Injini ya inchi za ujazo 302 ya Camaro Z/28 ya 1967 hadi 1969 ilibuniwa kwa mbio za Trans-Am zenye kikomo cha lita 5, na pistoni yake inasafiri milimita 76 tu. Chevrolet 350 inasafiri milimita 88. Piga hesabu ya mwendo wa wastani wa pistoni: 302 ikiwa 7,000 na 350 ikiwa 6,000 zinakutana karibu mita 18 kwa sekunde. Pontiac 400, yenye milimita 95, inafika hapo ikiwa 5,500 na ushee. Kwa hiyo usiazime mstari mwekundu wa jirani. Ulizia injini yako, na uulize pia ndani yake kumewekwa nini tangu ilipotoka kiwandani.

Nibadili gia kwenye RPM ngapi?

Si kwenye kilele cha nguvu, bali kidogo baada yake, ili ukiingia gia inayofuata injini iangukie mahali ambapo bado ina pumzi.

Mfano: gia boksi ya Muncie M21 ina uwiano wa 2.20, 1.64, 1.28 na 1.00. Ukitoka ya kwanza kwenye 6,000, ya pili inakupokea kwenye 4,470 hivi. Ukibadili mapema, tuseme 4,800, unaangukia chini ya 3,600, na injini ya mbio yenye kamshafti (shafti inayofungua valvu) kali pale bado inapiga miayo. Ukichelewa sana unasukuma injini ambayo imeshaishiwa. Njia ya kweli ni kujaribu: badili kwenye 5,800, kisha 6,000, kisha 6,200, uangalie karatasi ya muda unayopewa mwisho wa mbio inasemaje. Karatasi ikikupinga, iamini karatasi.

Gari la otomatiki linaihitaji?

Kidogo, ndiyo. Konveta za mbio (konveta ndiyo inayoshika nafasi ya klachi kwenye otomatiki) huachia gari liondoke injini ikiwa tayari imepanda, na bila takometa huwezi kujua imepanda mpaka wapi. Tena wengi hubadili gia za otomatiki kwa mkono.

Ile taa ndogo ya pembeni ni ya nini?

Ni taa ya kubadili gia. Unaipangia RPM, ikifika inawaka kwa ukali. Hapo huhitaji hata kuuona mshale. Usiku mjini inaudhi, izime.

Inaungwaje?

Takometa ya kielektroniki huhesabu cheche. V8 ya mipigo minne hutoa cheche 4 kila krankishafti inapozunguka mara moja. Injini ya silinda 6 hutoa 3, ya silinda 4 hutoa 2. Kwenye 6,000, V8 inatoa cheche 400 kila sekunde, na geji inazigeuza kuwa pembe ya mshale.

Kwa takometa nyingi za Marekani waya ni nne: mwekundu kwenye umeme unaowaka na swichi, mweusi kwenye bodi, mweupe kwenye taa za dashibodi, na wa kijani kwenye upande hasi wa koili, ile inayozalisha umeme wa cheche. Soma karatasi ya geji yako kabla hujaniamini, maana rangi si sheria. Distribyuta za HEI za General Motors, zilizoenea katikati ya miaka ya 1970, zina sehemu yake iliyoandikwa TACH kwenye kifuniko, huna haja ya kutafuta.

Tahadhari moja: kama gari limefungwa boksi la kielektroniki la kuongeza nguvu ya cheche, kama MSD 6A, usiunge waya wa kijani kwenye koili. Boksi hilo linapeleka zaidi ya volti 400 kwenye koili, na geji itakufa papo hapo. Boksi lina tundu lake la takometa. Tumia hilo.

Halafu angalia swichi ya silinda nyuma ya geji. Nilimwona jamaa amefunga geji mpya kwenye V8 yake, swichi imebaki kwenye 4. Injini ikiwa imetulia kwenye 700, geji inasoma 1,400. Akachukua bisibisi akawa anapunguza mwendo wa injini kwenye kabureta, anapunguza, anapunguza, injini ikazima. Akawasha, akaanza upya. Alikaa hivyo karibu saa nzima akiilaumu kabureta.

Mshale wangu unarukaruka. Tatizo nini?

Anza na waya wa bodi. Ukwangue rangi, ubane kwenye chuma kitupu. Kisha angalia kama waya wa kijani umepita sambamba na waya za plagi, usogeze mbali. Kama bado, pointi za distribyuta (viguso vinavyokata na kuunga umeme wa koili) zimechoka, na hapo geji haina kosa, inakuambia ukweli.

Nimepata Sun ya zamani. Inafaa?

Hongera. Kampuni ya Sun Electric ya Chicago ilitengeneza mashine za kupimia injini kwenye magereji kabla vijana hawajaipenda kwa takometa zake, ndiyo maana jina lake lilikuwa na uzito: fundi aliyekutengenezea gari alipimia kwa Sun. Cha ajabu, kona ile ya nchi ndiyo iliyolisha dashibodi za Marekani: Stewart-Warner nao walikuwa Chicago, na Auto Meter, walioanza 1957, wako jimbo hilohilo la Illinois. Hao Auto Meter ndio wenye geji ya inchi 5 wanayoiita Monster.

Ila kagua kama Sun yako inahitaji kisanduku cha pembeni. Za mwanzo hazifanyi kazi bila kisanduku hicho, na ndani yake mlikuwa na betri ndogo za zebaki ambazo haziuzwi tena. Siku hizi kuna watu wanaobadilisha utumbo wake kwa sakiti ya kisasa na kuacha uso wa zamani kama ulivyo. Super Tach II zilizofuata hazina kisanduku.

Usahihi wake? Za zamani zinaweza kukosea kwa mamia ya mizunguko, kutegemea umri na namna zilivyotunzwa. Linganisha na mashine ya kisasa kabla hujaikabidhi injini.

Itashusha thamani ya gari?

Klipu haishushi kitu: unaifungua, unapangusa, hakuna kovu. Tundu la skrubu kwenye dashibodi asilia ndilo linaloshusha. Usitoboe. Mtu akikuambia utoboe, mpe chai umsindikize.

Sema ukweli: siku hizi si pambo tu?

Kwa wengi, ndiyo, na sioni dhambi. Magari mengi ya misuli yaliyobaki yanakwenda kula aiskrimu Jumapili na kurudi, hayavuki 3,500. Geji kubwa inakaa pale kwa sababu ndivyo yalivyokuwa magari ya vijana waliokesha wakishindana kwenye taa za barabarani, na bila hiyo dashibodi inaonekana kama imenyolewa.

Lakini ukitaka kujua kama mwenye gari anaitumia, usimuulize. Angalia 6 imekaa wapi. Kama namba zote zimepangwa vizuri kama saa ya sebuleni, 0 chini kushoto na jina la kampuni limenyooka, huyo anaosha gari sana. Kama jina la kampuni limelala ubavu na 6 imesimama saa sita, muulize anakimbiza wapi.